Mwalimu wa Kiingereza Kasulu: nikichukua masta nitapata kazi ya kufundisha nje?

MwalimuHeru

Wakuu habari za jioni. Naombeni ushauri wa kweli, udahili unafungwa wiki ijayo na usingizi umenipaa.

Mimi ni mwalimu wa kike, miaka 28, nafundisha Kiingereza shule ya kata huku Kasulu. Digrii yangu ni ya Sanaa na Elimu, masomo Kiingereza na Historia, na huu ni mwaka wa 4 kazini. Kidato cha kwanza ninao 83 kwenye chumba kimoja. Wamesoma shule ya msingi kwa Kiswahili, halafu Januari wanakutana na Baiolojia kwa Kiingereza. Kuwavusha hapo ni kazi ninayoipenda, siikimbii. Ila natamani nikafundishe nje japo miaka michache, nimjengee mama nyumba pale Heru Juu na wadogo zangu wawili wamalize shule.

Nimepata nafasi ya masta ya Uongozi na Utawala wa Elimu. Ada na matumizi vinakaribia milioni 5. Nitakopa benki kwa mshahara huuhuu ambao Bodi ya Mikopo tayari inakata asilimia 15. Mwenzangu tuliyesoma naye anasema ukiwa na masta, Korea na Uarabuni wanakugombania. Ni kweli? Mliotoka nisaidieni.

Kibirizi_Bandarini

Dada, hiyo fomu ya mkopo usiisaini kwanza. Subiri wanaojua waje.

MgeniWaMuscat

Mwalimu, pole na hongera kwa kazi. Niko Oman mwaka wa 6, nafundisha mwaka wa maandalizi chuoni, yaani wale vijana wanaonolewa Kiingereza kabla hawajaanza digrii. Nitakueleza nilivyoyaona.

Kwa vyuo vya huku Ghuba masta ina uzito mkubwa. Matangazo mengi ya chuo yanaitaja kama sharti, na usipokuwa nayo barua yako haifiki mezani. Lakini wanaangalia masta ya nini. Wanataka ya kufundisha Kiingereza kwa watu ambao si lugha yao ya kwanza, ile inayoitwa TESOL, au isimu tumizi. Masta ya uongozi haiingii hapo hata uwe na alama za juu kiasi gani. Nimeona walimu wazuri kutoka kwetu wakiachwa kwa hilo, na inauma, maana walijinyima miaka miwili kwa karatasi isiyofungua mlango walioutaka.

Pili, masta bila uzoefu haikusogezi mbali. Wanataka miaka uliyofundisha baada ya digrii, hasa kwa watu wazima. Tatu, cheti cha vitendo. CELTA ya Cambridge ni saa 120, na ndani yake unasimama mbele ya wanafunzi halisi kwa saa 6 huku mkufunzi amekaa nyuma anaandika. Mimi somo langu la kwanza aliniambia nimezungumza dakika 31 kati ya 40. Nilikuwa nimefundisha miaka 7 na hakuna aliyewahi kunihesabia. Nikajifunza kunyamaza ili mwanafunzi aseme. Kwenye usaili wa Oman niliombwa somo la mfano, na kilichonibeba ni kile cha Cambridge kuliko masta.

Annyeong_Kgm

Niongezee kuhusu Korea, nimesoma Seoul. Huyo mwenzako hajakutakia mabaya, ila amekosea. Viza ya ualimu wa Kiingereza kule, E-2, imewekwa kwa raia wa nchi 7: Marekani, Kanada, Uingereza, Ireland, Australia, New Zealand na Afrika Kusini. Kijana wa Kanada mwenye digrii moja ya somo lolote anaomba. Wewe mwenye digrii ya kufundisha Kiingereza na masta juu yake huombi, kwa sababu ya pasipoti. Hata udaktari wa falsafa hauibadilishi pasipoti.

Japani nayo ina lake. Kwa viza ya mwalimu wa shuleni, anayefundisha lugha ya kigeni anatakiwa awe amesomeshwa kwa lugha hiyo miaka 12. Hebu hesabu ya kwako: kidato cha 1 hadi cha 6, miaka 6. Chuo, 3. Jumla 9. Ongeza masta ya miaka 2, unafika 11. Msingi tulisoma Kiswahili, hawauhesabu. Hesabu hii niliifanya nikiwa nimekaa kitandani bwenini na nililia, sioni aibu kusema.

Vietnam na Thailand wapo wanaopokea walimu ambao Kiingereza si lugha yao ya kwanza. Huko shule na vituo vya lugha vinaangalia digrii ya kwanza, cheti cha kufundisha na matokeo ya mtihani wa Kiingereza kama IELTS au TOEIC. Masta si sharti.

Katubuka

Mnamvunja moyo mwalimu bure. Masta ya uongozi hapa nyumbani ina faida. Mimi ni mkuu wa shule na ilinisaidia. Si kila mtu lazima aende nje.

MgeniWaMuscat

Mkuu Katubuka, sijaidharau. Angekuwa anatafuta ukuu wa shule ningemwambia achukue kesho. Yeye ameuliza kuhusu kufundisha nje.

BintiUjiji

Dada, la kwangu ni fupi ila lishike. Niliambiwa na wakala nina kazi ya ualimu Asia, nikalipa, nikasafiri kwa viza ya matembezi nikiahidiwa kibali kitatengenezwa nikifika. Hakikutengenezwa. Nilifundisha miezi minne nikijificha, mshahara nusu, nikarudi kwa nauli aliyochanga kaka yangu kwa kuuza mtumbwi. Mwajiri wa kweli anaanza na kibali cha kazi wewe ukiwa bado Kasulu. Anayekwambia tangulia, achana naye.

MzeeWaManyovu

Mwanangu, mnatazama mbali mno. Mimi nimestaafu ualimu, na nilifundisha Bujumbura miaka 3. Kutoka hapo ulipo, mpaka wa Manyovu ni karibu kuliko Tabora. Wale wamesoma kwa Kifaransa, na tangu Burundi iingie Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2007 nilikuta hamu kubwa ya Kiingereza, kwa watoto na kwa wafanyabiashara. Masta hakuna aliyeniuliza. Waliniuliza cheti cha ualimu na kama Kiswahili ninakijua, maana darasa la jioni lilianzia kwenye Kiswahili ndipo likaenda Kiingereza. Mshahara si wa Uarabuni, nisikudanganye. Nyumba huijengi kwa mwaka mmoja. Lakini ni uzoefu wa nje, wa kufundisha watu wazima, na kibali unakifuata kihalali.

Jambo jingine: Wamarekani wana mpango wa Fulbright unaoitwa FLTA. Unachukua walimu vijana wa Kiingereza kutoka nchi nyingine, wanakwenda vyuo vya Marekani kufundisha lugha yao wenyewe kwa mwaka wa masomo, kama miezi 9. Kwako ni Kiswahili. Digrii ya kwanza inatosha. Fuatilia ubalozi wao Dar kama wametoa tangazo.

Annyeong_Kgm

Shikamoo mzee, hilo la FLTA ni zuri. Na dada, kama masta unaitaka kweli, iombee ufadhili, usiikopee. Chevening ya Uingereza wanalipa masta ya mwaka 1, wanataka saa 2,800 za kazi, na wewe miaka 4 unazo. Ila ujue ukimaliza unatakiwa urudi nyumbani ukae miaka 2. Oman itasubiri.

MwalimuHeru

Shikamoo mzee, asanteni sana wote. Nimesoma yote mara mbili, na ya BintiUjiji nimemsomea mama.

Nina swali. Likizo mbili nilijitolea kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu kufundisha kinamama wa Kikongo waliokuwa wanasubiri kupelekwa Marekani. Tulikuwa tunakaa kwenye turubai, ubao mmoja. Kuna mama alichanganya «fifteen» na «fifty» wiki nzima, na mtoto wake alikuwa na miaka 15, kwa hiyo kila akijieleza mtoto anakuwa wa miaka 50. Tukaanza kupiga meza, mkono uanguke pale sauti inapokaza. Siku ya nne akapatia, kinamama wote wakapiga vigelegele. Hicho kinahesabika kama uzoefu wa watu wazima? Sikuwahi kukiandika popote.

MgeniWaMuscat

Mdogo wangu, hicho ndicho cha kwanza kabisa kuandika. Kwenye usaili ueleze hiyo ya kupiga meza kama ulivyoieleza hapa. Rudi kwa waliokuwa wanasimamia darasa, waombe barua yenye tarehe, idadi ya saa, na kwamba wanafunzi walikuwa watu wazima. Iwe na muhuri.

MwalimuHeru

Jumamosi kuna gari la Makere, kulekule kambini, nitaenda kuomba hiyo barua. Fomu ya benki bado ninayo kwenye mkoba, sijaisaini.