Mei Mosi ilizaliwa Chicago, mbona Marekani wanaadhimisha Septemba?

Wakuu, kila Mei Mosi huku kwetu wafanyakazi wanaandamana na mabango, masikio yote yako kwenye nyongeza ya mshahara. Marekani, ilikozaliwa siku hiyo, si mapumziko ya kitaifa. Wao wana Jumatatu ya kwanza ya Septemba. Msimamo wangu: warudi Mei Mosi.

Mei 1, 1886 wafanyakazi wa miji mingi ya Marekani waligoma wakidai kazi iwe saa 8 kwa siku. Mei 3, mjini Chicago, polisi waliwafyatulia risasi wagomaji nje ya kiwanda cha McCormick. Kesho yake watu wakakusanyika uwanja wa Haymarket, hapohapo Chicago, kulaani mauaji hayo, bomu likarushwa, na polisi 7 wakafa. Aliyelirusha hajulikani hadi leo. Hata hivyo watu 8 walitiwa hatiani, na 4 wakanyongwa Novemba 1887. Gavana wa jimbo lao la Illinois, Altgeld, aliwaachia 3 waliobaki gerezani mwaka 1893, akasema wazi kwamba kesi ile haikuwa ya haki. Wakati huo dunia ilishaichukua tarehe yao, tangu mkutano wa kimataifa wa wanasoshalisti wa Paris wa 1889.

MCHANGIAJI: Mkuu, Septemba nayo ina wenyewe. Septemba 5, 1882 wafanyakazi wa New York waliacha kazi wakaandamana, kisha wakaenda kula na kucheza na familia zao. Ni miaka 4 kabla ya Haymarket! Jimbo la Oregon likaitungia sheria mwaka 1887. Leo wakichoma nyama uani na watoto wao, wanafuata desturi ya waasisi. Kupumzika nako kulipiganiwa.

MWANZISHA MADA: Hapo umenishika, 1882 sikupaswa kuiruka. Ila tazama hiyo siku ya Septemba ilivyofanywa ya taifa. Rais Cleveland alitia saini sheria yake Juni 28, 1894, mgomo wa reli wa Pullman ukiwa umepamba moto, na siku chache baadaye akapeleka wanajeshi Chicago kuuvunja. Mwaka 1958 Bunge lao likaifanya Mei Mosi Siku ya Uaminifu kwa taifa. Waliokufa wakidai saa 8 wamebaki bila siku nyumbani kwao. Na hiyo Septemba unayoitetea, maduka yanatangaza punguzo la bei, na muuzaji anasimama kaunta siku iliyowekwa kwa ajili yake. Huyo anapumzika lini?