Wakuu, acheni kuharibu historia ya Daraja la Kwanza. Ubingwa wa Tukuyu Stars 1986 haukuwa wa ligi ya pili!

Wakuu, ile orodha ya "mabingwa wa Daraja la Kwanza" wa soka Tanzania inayosambazwa kila msimu ukikaribia kuisha inatia hasira. Mmoja ananakili kwa mwenzake, naye alinakili kwa mwingine, na hakuna anayejisumbua kuangalia mwaka huo ligi yenyewe ilikuwa ya ngazi gani.

Kosa kubwa ni la Tukuyu Stars. Wamewekwa humo kama mabingwa wa ligi ya pili 1986. Wale walikuwa mabingwa wa Tanzania Bara! Miaka ile Ligi Daraja la Kwanza ndiyo iliyokuwa ligi ya juu kabisa, hii tunayoiita Ligi Kuu leo. Timu imetoka Rungwe, imepanda daraja, ikawaacha Simba na Yanga na kubeba kombe msimu huohuo, halafu mtu anaishusha ngazi kwa sababu hakusoma. Huko ni kuwapora watu wa Tukuyu haki yao.

Chanzo ni jina. Ilipokuja Ligi Kuu, jina la Daraja la Kwanza likateremka ngazi moja. Msimu wa 2021/22 ligi ya pili ikaitwa Championship, na Daraja la Pili likaitwa First League. Kwa hiyo hilo neno "kwanza" limeshakaa ngazi ya juu, likakaa ya pili, na sasa kwa Kiingereza liko ya tatu. Ukiandika jina bila ngazi hujaandika kitu.

Halafu hii habari ya "bingwa". Msimu wa 2012/13 kulikuwa na makundi matatu ya timu nane nane. Waliopanda ni Mbeya City, Rhino Rangers na Ashanti United, kila mmoja akiwa kinara wa kundi lake. 2013/14 ikawa Ndanda, Stand United na Polisi Morogoro. Sasa mnapomwandika Mbeya City peke yake kama bingwa wa 2013, wale wawili mmewapeleka wapi? Kundi la timu nane ni mechi 14 tu, nyumbani na ugenini. La timu 12, kama 2014/15, ni mechi 22. Championship ya timu 16 ni mechi 30. Kwa hesabu hiyo, kulinganisha pointi za kinara wa 2013 na za bingwa wa leo ni upuuzi mtupu, na bado kuna watu wanapanga "timu bora ya muda wote" kwa pointi hizo.

Idadi ya wanaopanda nayo haijawahi kutulia. 2015 walipanda wanne (Majimaji, African Sports, Mwadui na Toto Africans) kwa kuwa Ligi Kuu ilitoka timu 14 kwenda 16. 2018 wakapanda sita, Ligi Kuu ikafika timu 20: JKT Tanzania, African Lyon, KMC, Coastal Union, Biashara United na Alliance. Anayeona sita akadhani ni kosa la chapa na kufuta wanne, aache kabisa kugusa orodha.

2016 ndiyo inayofichwa. Siku ya mwisho ya Kundi C, Geita Gold walishinda 8-0 dhidi ya JKT Kanembwa na Polisi Tabora wakashinda 7-0 dhidi ya JKT Oljoro, Geita na Polisi Tabora wakigombea nafasi moja ya kupanda kwa tofauti ya mabao. Shirikisho la soka nchini, TFF, likaziadhibu timu zote nne kwa kupanga matokeo, likazishusha daraja, na Mbao FC ya Mwanza, iliyokuwa nyuma yao, ikapanda. Orodha inasema tu "Mbao" bila maelezo, kana kwamba walimaliza vinara. Mbao hawana cha kuonea aibu, mwaka uliofuata walicheza fainali ya Kombe la Shirikisho na Simba pale Dodoma, lakini ukweli uandikwe.

Na majina ya klabu, jamani! Singida United waliopanda 2017 si Singida Big Stars. Big Stars walipanda 2022 wakiitwa DTB, baadaye wakawa Singida Fountain Gate, kisha Fountain Gate. Singida Black Stars nao ni Ihefu ya zamani, iliyotokea Mbarali. JKT Ruvu walioshuka 2017 ndio JKT Tanzania waliorudi 2018, na hao si Ruvu Shooting. Tabora United waliwahi kuitwa Kitayosce. Mbeya Kwanza na Mbeya City ni klabu mbili tofauti.

Anayetaka kurekebisha, kila msimu aweke mambo haya: ngazi ya ligi mwaka huo, makundi mangapi na timu ngapi kila kundi, nani alipanda moja kwa moja na nani kwa mchujo (Ihefu 2020 walipita kwa mchujo dhidi ya Mbao, si kwa kuongoza kundi), na jina la klabu kama lilivyokuwa siku ile, la sasa likifuata kwenye mabano. Wenye magazeti ya miaka ya 1980 na 1990, pigeni picha kurasa za misimamo ya ligi mziweke hapa, tarehe ya gazeti ikionekana.