Naomba ushauri: kuongeza kichwa kwenye toki renchi kukaza bolti za wishiboni

Wakuu habari zenu, naomba msaada kwa wanaojua kazi za chini ya gari. Nabadilisha bushi (zile raba za kwenye maungio) za wishiboni, yaani mkono wa chini unaoshikilia tairi, kwenye Toyota IST na nataka kukaza kwa toki renchi kabisa, ile spana inayopima nguvu ya kukaza, sitaki ile ya fundi kuning'inia kwenye bomba mpaka bolti ilie.

Shida ni kwamba zile bolti za bushi zinatakiwa kukazwa kwa mwisho gari likiwa limekaa kwa uzito wake kwenye matairi, maana ukikaza likiwa juu ya jeki raba ya bushi inabaki imejisokota ukishusha na inachanika mapema. Sasa gari likishuka soketi na renchi havipati nafasi kabisa, bolti ya nyuma ndo balaa.

Nimefikiria nichomelee kipande cha spana ya ringi namba 19 kwenye soketi iliyokatwa, kiwe kichwa cha kuongezea. Najua kikienda mbele usawa na mpini nguvu inazidi, kwa hiyo renchi ya sm 45 nikiongeza sm 5 na nataka Nm 100 (Nm ndo kipimo cha nguvu ya kukaza), naseti 90. Na nikikiweka pembe 90 sibadilishi kitu. Hesabu iko sawa?

Ninachoogopa zaidi ni ule weldi, utahimili kweli? Au bora ninunue kichwa kilichotengenezwa kiwandani? Na aliyewahi kupandisha gari kwenye rampu za mbao matairi yote manne naomba anielekeze alizifanyaje zisiteleze, maana naingia chini mwenyewe.