Kutembea mlima na kukimbia mlima: nini hasa kinabadilika?

Mguu_Tope aliuliza:

Wakuu salaam. Swali kwa wanaokimbia milimani, wa barabarani mtanisamehe. Mtu aliyezoea kutembea mlima siku nzima na begi la kilo nane, mfano kutoka Morogoro mjini (mita 500 hivi) hadi Lupanga pale Uluguru (mita 2,138), akitaka sasa kuanza kukimbia njia za aina hiyo, abadilishe nini? Pumzi ipo. Kinachonitatiza ni viatu, maji, namna ya kukadiria muda, na mapaja kuisha wakati wa kushuka. Halafu je, ni kweli wenzetu wanapanda wakikimbia mwanzo mwisho?

---

Kona_za_Nyoka:

Mkuu, nianze na hilo la mwisho maana ndilo linalowapoteza wengi. Hapana. Mwinuko ukikaza kila mtu anatembea, hata atakayefika wa kwanza. Kukimbia kunakudai uurushe mwili juu kila hatua, na kwenye mwinuko mkali nguvu hiyo ya ziada haikuongezei mwendo wa maana. Kipimo: jaribu kusema sentensi nzima. Ikikatika katikati, tembea. Usisubiri miguu ikulazimishe, utakuwa umechelewa, na utaburuzika hadi juu.

Kutembea huko nako kuna namna yake. Hatua fupi. Kanyaga kwa unyayo mzima pale ardhi inaporuhusu ili vigimbi visibebe mzigo peke yao. Weka viganja juu kidogo ya magoti na usukume paja wakati mguu unanyooka. Inama kuanzia nyonga. Ukipinda mgongo unabana kifua.

Tofauti kubwa iko kwenye kushuka. Msuli wa mbele wa paja ndio breki yako: unakaza huku unavutwa kurefuka, na kazi ya namna hiyo inaumiza nyuzi za msuli kuliko kupanda. Ndiyo maana maumivu hayaji palepale. Yanapanda kesho yake na keshokutwa, hata kukaa chooni inakuwa kazi. Dawa ni kushuka kwenyewe, kwa dozi ndogo: mteremko wa dakika 5 hadi 10, mara moja kwa wiki. Msuli ulioguswa kidogo unajikinga kwa wiki kadhaa, na mteremko uleule ukirudiwa unauma kidogo kuliko mara ya kwanza.

Kosa la karibu kila aliyetoka kwenye kutembea ni kuegemea nyuma na kutanguliza kisigino mbali mbele. Goti linapokea kishindo likiwa limenyooka, na kwenye udongo mwekundu uliolowa kisigino hichohicho ndicho kinachokuangusha. Fupisha hatua, ongeza idadi, karibu 170 hadi 180 kwa dakika ukihesabu miguu yote miwili. Mguu utue chini ya nyonga, goti limekunjwa kidogo, mikono iachie ipepee. Inaonekana vibaya kwenye video lakini ndiyo inayokushikilia usianguke. Macho mita tatu au nne mbele. Anayetazama vidole vyake huliona jiwe akiwa ameshalikanyaga.

---

Soli_Meno:

Mimi nachangia viatu tu.

Buti la kutembelea mlima mara nyingi linavuka nusu kilo kwa mguu mmoja. Raba ya mbio za milimani iko kati ya gramu 250 na 350. Uzito wa mguuni unauinua maelfu ya mara, kwa hiyo hapo ndipo unapookoa nguvu nyingi. Unachopoteza ni ukuta wa kifundo na ugumu wa soli, ambavyo sasa vitafanywa na enka yako. Usikurupuke kutupa buti: ukibeba begi zito, buti bado lina kazi.

Meno ya soli: milimita 3 hadi 4 yanatosha njia kavu na ya mawe. Kwa tope la Uluguru au Usambara tafuta milimita 5 au 6, na yawe yameachana. Yakibanana tope linakwama katikati na baada ya hatua kumi umevaa soli ya tope. Ila meno marefu kwenye mwamba uliolowa hayasaidii, huko kinachoshika ni ulaini wa mpira.

Ukubwa: simama na soksi utakazokimbia nazo, kidole gumba cha mkono kiingie kati ya kidole kirefu cha mguu na ncha ya kiatu. Pakibana, kucha zitapiga mbele wakati wa kushuka na ndizo hizo zinazogeuka nyeusi. Kiatu kikubwa nacho kinaleta kucha nyeusi, kwa sababu mguu unateleza mbele. Tumia tundu la mwisho la kamba: pitisha kila kamba kwenye tundu la upande wake kutoka nje kuingia ndani ili ibaki kitanzi kidogo, kisha vuka kila ncha ipite kwenye kitanzi cha upande wa pili, vuta kuelekea chini, funga. Kisigino kinatulia.

Wanaonunua mtumba: usidanganywe na soli mpya. Sponji inazeeka hata kiatu kisipovaliwa. Bonyeza kwa dole gumba pembeni mwa soli. Ikiwa ngumu kama ubao, au imejaa mikunjo isiyorudi, acha. Kikunje: kinatakiwa kupinda penye vidole, si katikati. Kisha vuta ncha ya soli ya mbele uone kama gundi inaachia, maana itaachia mbali na fundi. Kikilowa, toa soli ya ndani, jaza magazeti, kausha kivulini. Jiko la mkaa linapinda sponji na kuua gundi.

---

Filimbi_Mbili:

Waliotangulia wamesema vizuri, mimi nasisitiza jambo moja linalosahaulika: anayekimbia anabeba kidogo kwa kudhani kwamba hatasimama. Mwendo ndio jiko lake. Akiteguka kifundo kwenye mita 2,000 saa kumi jioni, fulana imelowa jasho na ukungu unaingia, baridi inamkamata ndani ya dakika chache. Mtembeaji ana sweta, chai na koti kwenye lile begi mnalolicheka.

Kwa hiyo hata kwa saa mbili milimani: koti jepesi lisilopitisha mvua, blanketi la dharura la karatasi ya fedha (halifiki gramu 100), filimbi, tochi ya kichwa, bandeji ya kuvutika ya upana wa sentimita 8 au 10, simu yenye ramani iliyopakuliwa, na pesa ya bodaboda. Vyote vinaingia kwenye kizibao cha kukimbilia, kile chenye mifuko, cha lita 5. Kizibao kibane kifua. Kikirukaruka kitakuchubua mabega na maji yatakuwa kelele mpaka ukichukie. Mwambie mtu njia utakayopita na saa ambayo akikukosa aanze kuuliza.

Muda. Kuna kanuni ya Naismith, Mskoti, ya mwaka 1892: saa 1 kwa kila kilomita 5, ongeza saa 1 kwa kila mita 600 za kupanda. Kilomita 8 zenye mwinuko wa mita 900 ni saa 1 na dakika 36, ongeza saa 1 na nusu, jumla saa 3 na dakika 6. Hiyo ni ya kutembea bila kupumzika. Usiigawe kwa mbili eti kwa sababu unakimbia. Utakachookoa kwanza ni tambarare na miteremko laini; kupanda kwako mwanzoni kutabaki karibu palepale. Mteremko wa mizizi na tope hauokoi kitu, wakati mwingine unachukua muda sawa na kupanda.

Maji: mililita 400 hadi 800 kwa saa kulingana na joto. Zaidi ya saa mbili weka chumvi. Pakiti moja ya ORS ni kwa lita moja, usiikoroge kwenye chupa ya nusu lita. Kunywa maji matupu kupita kiu kwa saa nyingi ni hatari kuliko watu wanavyodhani: sodiamu kwenye damu inashuka, kichwa kinauma, kichefuchefu, halafu kuchanganyikiwa, na mwenzako kwa huruma anakuongezea maji. Chakula: gramu 30 hadi 60 za wanga kwa saa ukivuka dakika 90. Ndizi mbivu ya wastani ina kama gramu 25. Karanga na nyama choma viache kwa siku ya kutembea. Mafuta yanakaa tumboni, na tumbo linalotikiswa halina subira.

---

Pole_Pole_5895:

Nyongeza kwa watakaopeleka hizi mbio Kilimanjaro. Karl Egloff, mkimbiaji wa milimani, mwaka 2014 alipanda na kushuka kwa saa 6, dakika 42 na sekunde 24, na video hizo zinawapa watu kichaa. Huyo ni mzaliwa wa Quito, mji wa Ekwado ulio mita 2,850. Ugonjwa wa mwinuko hauangalii miguu yako ina nguvu kiasi gani. Mwenye kasi anafika juu kabla mwili haujazoea, basi. Ukivuka mita 3,000, usipandishe mahali pa kulala kwa zaidi ya mita 500 kwa siku. Na ndani ya hifadhi ile hupandi bila kiongozi aliyesajiliwa, hata uwe mwepesi vipi.

Adabu ya njia: aliyebeba mzigo ndiye mwenye njia, awe mgumu (mpagazi) wa Machame au mama wa Uluguru na mkungu wa ndizi kichwani. Simama pembeni upande wa juu wa mlima, salimia, apite. Ukitokea nyuma ya mtu, toa sauti mapema. Usikate kona za njia. Mkato wako leo ni mfereji wa maji masika ijayo, na chini yake kuna shamba la mtu. Mbwa akikufuata, acha kukimbia.

---

Mguu_Tope:

Shukrani wakuu. Ratiba ya kuanzia ikoje? Na fimbo za kupandia nazo ziende?

---

Kona_za_Nyoka:

Fimbo ziende kama kupanda kunazidi nusu saa mfululizo. Kwenye mizizi zikunje, zinanasa.

Ratiba: hesabu dakika, kilomita zitakudanganya. Wiki ya 1 na ya 2, siku tatu, dakika 30 hadi 40: kimbia 4, tembea 2, njia laini. Wiki ya 3 hadi ya 5, siku moja kati ya hizo iwe ya kilima, pamoja na ule mteremko wa dakika 5 hadi 10. Wiki ya 6 hadi ya 8, siku ndefu moja ya dakika 90, ukitembea kila mwinuko. Matembezi yako ya siku nzima yabakize, moja kila wiki mbili, ndiyo yanayokupa miguu ya saa nyingi. Kila siku: kuinuka kwa vidole vya mguu mmoja mara 15, seti tatu, kisha simama mguu mmoja umefumba macho sekunde 30. Enka yako inajifunza hapo kazi iliyokuwa inafanywa na buti.

Ukiteguka na ukashindwa kupiga hatua nne, au mfupa wa kifundo unauma ukiubonyeza kwa nyuma, nenda kapige eksirei kabla hujaita mtu wa kukukanda.