Panda wa China au Tembo wa Somalia: nianze na yupi?

Pembe_Moja: Wakuu, nataka kuanza kukusanya sarafu za madini ya fedha zenye wanyamapori, moja kila mwaka. Nimebakiwa na mbili: Panda na Tembo. Wenye uzoefu, mnasemaje?

KobeMkongwe: Angalia uzito kwanza. Tembo ni wakia moja, yaani gramu 31.1. Panda naye alikuwa hivyo, ila tangu 2016 ni gramu 30. Ukilinganisha bei bila kugawa kwa gramu, unajidanganya. Kwa picha lakini, Panda hana mpinzani kwangu. Upande mmoja una Hekalu la Mbinguni la Beijing, upande wa pili picha ya panda inabadilika kila mwaka. Mwaka 2002 tu walirudia picha ya 2001.

Bundi_Macho: Kobe umesahau feki! Panda za kughushi ni nyingi mno. Usiamini sumaku peke yake, maana shaba nayo hainati kwenye sumaku, sawa na fedha. Pima uzito na kipenyo. Ya gramu 30 ina milimita 40. Mimi kura yangu ni Tembo. Na wasioijua historia yake: haitengenezwi Somalia, inafuliwa Bavaria, Ujerumani. Kabla ya 2004 ilitoka kwa jina la Zambia.

Nyasi Ndefu: Mbona mnakimbilia mifululizo isiyo na mwisho? Mwaka 1974 Tanzania ilitoa sarafu tatu za uhifadhi: twiga ya shilingi 25, kifaru ya shilingi 50, na duma ya dhahabu ya shilingi 1500. Ukipata tatu umemaliza. Panda utamfukuza hadi uzeeni.

KobeMkongwe: Nyasi, duma wa dhahabu kwa mtu anayeanza? Mwonee huruma.

Nyasi Ndefu: Basi aishie kwa kifaru 😀

Bundi_Macho: Lolote utakalochagua, shika ukingoni, usiguse uso. Na usisafishe! Niliwahi kusugua moja kwa kitambaa laini, ikabaki na mikwaruzo myembamba kama nywele mpaka leo.

Pembe_Moja: Asanteni. Naenda na Tembo. Je, nikikutana na ya Zambia niiweke kwenye mfululizo huo huo?

Bundi_Macho: Iweke mwanzoni kabisa. Mfululizo ni ule ule, jina la nchi ndilo lililobadilika.