New York 2020: treni ziliwaponza watu, au mji ulivyopangwa?

Mkaa Bronx: Wakuu, Aprili 2020, korona ilipopamba moto, abiria wa treni za chini ya ardhi New York walipungua kwa zaidi ya asilimia 90. Ila hawakupungua sawasawa. Vituo vya katikati ya Manhattan, kwenye maghorofa ya ofisi, vilikuwa vitupu. Huku pembeni ya mji, Bronx, na kule Queens kwenye treni ya laini ya 7, watu waliendelea kupanda. Mimi nalaumu ramani. Nyumba zenye kodi ya kulipika ziko mbali, kazi ziko katikati, na mfagizi hafagii kwa kompyuta. Mnasemaje?

Kambare: Ramani gani? Ukaidi tu. Waliambiwa wakae ndani, wakatoka. Na Wabongo wa huko mbele kabisa, utadhani wako Kariakoo.

Binti Makorora: Wakaidi? Dada yangu alikuwa anafua mashuka ya hospitali huko Queens. Angekaa ndani, ungeenda kufua wewe?

Kambare: Sijamtaja dada yako.

Binti Makorora: Umesema Wabongo. Dada yangu Mmasedonia?

Nai254: 😂 Sisi matatu ya watu 14 ilibeba 8, nauli ikapanda, wengine tukapiga mguu. Nyinyi mlikuwa mnapiga nyungu.

Kambare: Level siti, abiria wa kukaa tu, ilikuwepo Dar, uliza watu. Na nyungu imekukosea nini? Bibi yako hajawahi kujifukiza?

Nai254: Alijifukiza kwa mafua, si kwa sera ya taifa. Hesabu za wagonjwa mliacha kutangaza lini vile?

Kambare: Nyinyi mlizitangaza, zikaponya wangapi?

Fundi Mstaafu: Vijana, hoja ilikuwa treni. Manhattan ndiyo imebanana kuliko kote New York, lakini Bronx na Queens ndizo zilizoumia zaidi. Kwa hiyo urefu wa maghorofa si kesi. Tazama wangapi wanalala chumba kimoja na nani lazima atoke alfajiri. Kuna profesa wa uchumi wa chuo cha MIT aliandika Aprili ileile kwamba treni ndizo zilizoupanda ugonjwa mjini, wenzake wakamrukia: ramani ya treni na ramani ya wagonjwa kufanana si ushahidi.

Kambare: Kumbe hata profesa kasema treni. Asante mzee.

Fundi Mstaafu: Soma mpaka mwisho, mwanangu.

Mkaa Bronx: Halafu Mei 6 wakaanza kufunga treni saa saba usiku hadi saa kumi na moja alfajiri, eti usafi. Mwenye ofisi yuko kitandani, wa zamu ya usiku anahangaikia basi. Zimekuja kurudi saa 24 Mei 2021!

Nai254: Kafyu yetu ilianza saa moja jioni na hatukulia hivyo.

Binti Makorora: Hamkulia? Mlipigwa virungu kivukoni Likoni, tuliona.

Nai254: Hiyo ni mada nyingine.

Mtoto wa Kigoma: Mkuu Mkaa Bronx, samahani kukatisha. Chumba huko sasa hivi shilingi ngapi? Mdogo wangu anakuja, kapata kazi Manhattan.

Mkaa Bronx: Manhattan asahau. Njoo PM.