Mjadala: Nesi wa uzazi wa mpango aalikwe kwenye darsa ya akina mama, au abaki kliniki?

Mwanzisha mada (mama, Ujiji)

Assalaam alaykum. Mtaani kwetu limeletwa pendekezo kwamba darsa ya akina mama, yaani kikao chetu cha mafunzo ya dini baada ya alasiri, iwe inamkaribisha nesi mara mojamoja azungumzie uzazi wa mpango. Wapo walioafiki, wapo waliosema msikiti si zahanati. Mimi naafiki, ila sababu yangu si ile inayosemwa.

Inayosemwa ni kwamba wanawake wa Kiislamu hawana elimu hiyo. Jamani! Msimamishe mama yeyote hapa Ujiji, atakutajia sindano, vijiti, kitanzi, vidonge na kufunga kizazi bila kuvuta pumzi. Utafiti wa kitaifa wa afya wa 2022 ulikuta karibu kila mwanamke nchini amesikia walau njia moja ya kisasa. Ila kati ya walioolewa, waliokuwa wanazitumia ni asilimia 31, na ule wa 2015-16 ulikuta 32. Kusikia tumesikia sana, matumizi yamegota palepale.

Wala tusijidanganye kuwa kikwazo ni haramu tu. Hadithi ya Jabir inajulikana, kwamba masahaba walifanya azl (mume kumwaga nje ili mke asishike mimba) na Qur'ani inashuka, wasikatazwe. Imamu Ghazali naye aliona inajuzu. Wanazuoni wengi wa leo wanaruhusu kupishanisha watoto kwa maridhiano ya mke na mume, wanachokataa ni kukata uzazi moja kwa moja bila dharura. Masheikh wetu ukiwauliza faraghani wengi watakujibu hivyohivyo.

Ninachokiona kinawarudisha wanawake nyuma ni damu. Kijiti na sindano huvuruga siku: mwingine hazioni kabisa, mwingine anaona matone mwezi mzima. Kliniki wanaita "maudhi madogo madogo". Kwa anayeswali hayo si madogo. Aswali au asiswali? Swaumu yake je? Na mumewe?

Ramadhani iliyopita tulikuwa na dada mmoja darsani, ana kijiti. Anakaa nyuma kabisa, karibu na viatu, wiki ya tatu haswali wala hafungi. Asubuhi tone lipo, jioni halipo. Kliniki aliyokwenda aliambiwa "utazoea". Kwa ustadhi aliona haya, angeanzia wapi? Akaenda kukitoa, na kabla hajamwachisha mtoto ziwa akawa ana mimba nyingine.

Jibu lake lilikuwepo siku zote. Kwa madhehebu ya Shafii tunayofuata wengi huku, hedhi haizidi siku 15. Ikipindukia hapo ni istihadha, yaani damu isiyo ya hedhi, na kuna namna ya kuhesabu zipi ni siku zake za hedhi na zipi si zake. Hizo nyingine, akishaoga josho, anajisafisha, anajisitiri, anatawadha kwa kila faradhi wakati wake ukiingia, anaswali na kufunga, na mumewe si haramu kwake. Nesi hajui hili. Ustadhi naye hajui kijiti kinafanya nini mwilini. Sasa kwa nini wasikae pamoja mbele yetu?

Mchangiaji (mwanamume, Isevya, Tabora)

Wa alaykum salaam dada. Umeandika kwa adabu, nami nitajibu kwa adabu. Suratul Israa aya ya 31 inatukataza kuwaua watoto kwa kuogopa umasikini. Mtume (s.a.w.) ametuhimiza kuoa wanawake wenye kuzaa ili ajifakharishe kwa wingi wetu. Hizo mbona hukuzitaja? Na Hayati Magufuli alisema wazi 2018 akiwa Simiyu kwamba wanaopanga uzazi ni wavivu wa kulea. Huyo hakuwa hata Muislamu.

Halafu nauliza, dawa hizi ni bure kila kituo cha serikali, nani analipa? Dawa ya presha ya mama yangu nanunua. Hii tunabembelezwa tuichukue. Mtu akinikimbilia na kitu cha bure lazima nijiulize.

La mwisho. Mke wangu akachomwe sindano mimi sijui, hiyo itakuwa ndoa au kuviziana?

Mchangiaji (mama, Kibirizi)

Kaka wa Isevya, pole na presha ya mama. Wangu ni wa dagaa. Giza lote yuko ziwani na taa zake, nyumbani namwona kwenye mbalamwezi. Akirudi ana hamu, akiondoka naachiwa ndoo na tumbo. Nilimwomba tuzungumze akasema "mbalamwezi ijayo". Mbalamwezi ngapi zimepita! Nachoma sindano kwa sababu haiachi alama mkononi. Mngetaka tusiwavizie mngekaa mkasikiliza.

Muuguzi (Kasulu)

Habari zenu. Mimi ni Mkristo, naomba radhi kuingia. Hilo la siku 15 leo ndiyo nimelisikia, na nimefanya kazi kitengo cha mama na mtoto muda mrefu. Mama wa hijabu akiniambia "damu inanisumbua", mimi nawaza upungufu wa damu. Kumbe yeye anawaza swala.

Niseme ya upande wangu. Foleni ni ndefu, nesi mmoja, maelezo tunayafupisha, na hapo ndipo uvumi unapopata njia. Sindano ya miezi mitatu haimfanyi mtu mgumba, ila ukiiacha uzazi unachelewa kurudi, wastani kama miezi 10 tangu sindano ya mwisho. Tusipomwambia hivyo mapema, akikaa nusu mwaka bila mimba atatangaza mtaa mzima kwamba tumemfunga. Kijiti hakitembei hadi kwenye moyo, kinakaa mkononi chini ya ngozi. Damu ya matone ikizidi, rudi, kuna dawa za kuituliza. Asiyetaka homoni kabisa kuna kitanzi cha madini ya shaba, kinakaa miaka 10 na zaidi, lakini miezi ya mwanzo hedhi huwa nzito na tumbo linauma. Afadhali alijue hilo kabla hajapanda kitandani. Na kunyonyesha kunakinga kweli, kwa masharti: mtoto hajafika miezi sita, anapata ziwa tu mchana na usiku, na mama hajaona siku zake. Moja likikosekana, usitegemee.

Kuhusu mume, mwongozo hauhitaji saini yake kwa mke mtu mzima. Akija tunafurahi, ila hatumrudishi mama kwa sababu kaja peke yake.

Mwanzisha mada

Ahsante nesi. Kaka wa Isevya, aya ya Israa inazungumzia kuua mtoto aliyepo, na wanaoruhusu azl waliisoma pia. Kuna hadithi nyingine ya Judama inayoiita azl kuzika mtoto hai kwa siri, ndiyo maana wapo wanaoikirihisha. Siifichi. Lakini Qur'ani hiyohiyo, Baqara 233, inawapa watoto miaka miwili kamili ya kunyonya kwa anayetaka kutimiza. Mama anayebeba bandika bandua atatimiza vipi? Hata Shirika la Afya Duniani linashauri miezi 24 tangu kujifungua kabla ya mimba nyingine.

Kwenye pesa nakuunga mkono, wafadhili hawaji kwa mapenzi matupu. Ndiyo maana nataka lizungumzwe kwetu, mbele ya walimu wetu, si kwenye hema la mradi lenye fulana na soda.

Kuhusu wingi, Tabora mlikuwa 2,291,623 kwenye sensa ya 2012, mkawa 3,391,679 mwaka 2022. Wingi mnao. Madarasa je?

Mchangiaji (Isevya, Tabora)

Ardhi tunayo dada, hilo usitutishe. Lakini huyu wa Kibirizi kanishika pabaya. Kama ni darsa basi na ya wanaume iwepo, baada ya isha, nesi akiwa mwanamume. Vinginevyo mtakuwa mnafundisha nusu ya ndoa.

Mwalimu wa madrasa (Mwanga, Kigoma)

Nilikuwa nasoma tu. Naafiki kwa sharti moja, kila kikao awepo mwalimu wa kike anayeijua fiqhi ya tohara, yaani sheria za usafi wa ibada, asiwe mgeni wa heshima wa kufungua dua tu.

Na kuna suala zito zaidi ya swala, naona hamjaligusa. Mwenye kupata hedhi akitalikiwa anakaa eda, yaani muda wa kungoja kabla ya kuolewa tena, wa tohara tatu, vipindi vitatu vya usafi kati ya hedhi. Aliye kwenye sindano na haoni siku zake kabisa, anahesabu nini? Mwaka huu nimeletewa wawili. Nesi, baada ya sindano ya mwisho siku hurudi lini?

Muuguzi (Kasulu)

Inatofautiana, mwalimu. Wengine miezi michache, wengine karibu mwaka. Tarehe kamili siwezi kukupa.

Mwalimu wa madrasa (Mwanga, Kigoma)

Basi hilo nalipeleka kwa kadhi kabla darsa haijaanza. Wakiuliza hapo mbele tukawa hatuna jibu, wiki ya pili hawarudi.